Kimbunga kikiwa bado baharini

Upepo ukishafika kilomita 50 kwa saa, hakuna fundi mwenye akili timamu anayepanda juu ya bati. Ngazi haisimami, na bati la futi 10 likimponyoka mtu mkononi linakuwa panga. Ndiyo maana anayekaa pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Mafia na delta ya Rufiji kushuka Kilwa, Lindi na Mtwara, akisikia redioni kwamba kuna kimbunga upande wa mashariki, saa ya kuulizia si ile ya kimbunga kufika. Aulizie saa ambayo upepo utafika 50. Hiyo kwa kawaida hutangulia kitovu kwa nusu siku au zaidi. Tukiambiwa kinafika kesho usiku, kazi ya juu ya paa mwisho wake ni kesho asubuhi.

Wengi huipoteza siku ya kwanza kwa kubishana kama kitafika. Hoja yao si ya kijinga. Kimbunga hupata msokoto wake kutokana na dunia kujizungusha, na msokoto huo hudhoofu kadiri unavyokaribia ikweta; Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Tena Madagaska imelala kule kusini mashariki na kupokea vingi kabla havijatufikia. Lakini havijawahi kukoma kabisa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Seyyid Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilipona, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu hadi leo. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Kenneth ilitishia Mtwara mwaka 2019 kisha ikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili. Jobo ilikuja Aprili 2021, ikachoka kabla ya kufika nchi kavu. Hidaya ilifika Mafia tarehe 3 na 4 Mei 2024.

Ziangalie tarehe hizo. Zote ni mwisho wa kaskazi, masika ikiwa imeshika. Kimbunga cha kwetu hakikuti ardhi kavu. Kinakuta mito imejaa, vyoo vya shimo vimepanda maji, na mizizi ya mikorosho imekaa kwenye tope. Kwa hiyo maandalizi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, yanayohangaikia upepo peke yake, hapa yanakuacha nusu.

Kusoma taarifa, na kusoma bahari

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa rangi tatu. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa nyumba ya bati iliyopigwa misumari miaka kumi iliyopita, usisubiri nyekundu. Njano ndiyo siku ya kwenda dukani, na rangi ya chungwa ndiyo siku ya kuwa juu ya paa.

Katika bahari yetu dhoruba hupewa jina ikifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ikifika 118. Takwimu hizo ni wastani wa dakika 10. Mpigo mmoja mmoja wa upepo huzidi wastani huo kwa karibu theluthi moja au zaidi, na kinachong'oa bati ni mpigo, si wastani. Ukisoma 80, funga nyumba kwa ajili ya 110. Na ramani inayosambazwa kwenye makundi ya simu iangaliwe tarehe na saa kwanza. Ramani ya jana ni ya kimbunga kingine kabisa. Hata ramani ya leo huweza kukosea njia kwa makumi ya kilomita ikitabiri kesho, na makumi hayo ndiyo tofauti ya mji mmoja na mwingine.

Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Hapo pana faida kubwa kwa asiye na intaneti. Simama uwanjani, upepo ukupige mgongoni: kitovu kiko mkono wako wa kulia, mbele kidogo. Kikiwa bado baharini mashariki, basi upepo wako utatoka kusini. Hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu mwanzoni mwa Mei upepo wa kusini tunauita kusi na tunaendelea na shughuli zetu. Tofauti huonekana baadaye. Upepo ukigeuka na kuanza kutoka mashariki, kitovu kinapita kaskazini yako, na wewe umebaki upande mbaya, ule ambao bahari inasukumwa nchi kavu. Ukigeuka ukatoka magharibi, barani, kitovu kinapita kusini yako. Paa litateseka lakini maji ya bahari yatakuwa yanasukumwa nje. Usipogeuka kabisa na unazidi tu, kinakuja moja kwa moja.

Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mvua ya kawaida usemi huo unatosha. Kimbunga huweza kukupa siku nzima ya jua kali na hewa iliyosimama, kwa sababu hewa inayopandishwa ndani yake hushuka pembeni, na hewa inayoshuka hufuta mawingu. Kinachotangulia ni mawimbi. Yanakuja marefu, yamepangana, wakati hakuna upepo wowote wa kuyaleta. Hesabu kwa saa ya mkononi: mawimbi ya upepo wa hapa hapa hupishana kwa sekunde chache, haya ya mbali huchukua sekunde 12 na zaidi, na mlio wake kwenye mwamba ni mzito.

Baadhi ya simu zina kipimo cha mgandamizo wa hewa. Ukiwa nacho, kumbuka kwamba katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka wenyewe kila siku: hufika juu kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hushuka kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kwa hiyo linganisha saa 10 ya leo na saa 10 ya jana, si na ya asubuhi. Ukikuta pungufu ya milibari 3 kwa saa ileile, acha kubishana.

Paa

Hapa ndipo muda mwingi uende. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kwenye kilomita 100 kwa saa, upepo una msukumo wa karibu kilo 48 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu lina kama mita 80 za mraba, kwa hiyo nguvu ya kulinyanyua inaweza kukaribia tani 4. Mabati yenyewe ya geji 30 kwenye paa hilo hayafiki kilo 300. Uzito wa paa haulishikilii paa. Linashikiliwa na misumari, waya na bahati.

Na halinyanyuki lote kwa pamoja. Huanzia kwenye kona, kwenye ukingo wa chini unaochungulia nje ya ukuta, na kwenye kofia ya juu kabisa. Bati moja la kona likifunguka, upepo unaingia chini ya la pili, na kutoka hapo ni kama mtu anayefungua kurasa.

Panda uzikague sehemu hizo tatu kwanza. Msumari wa bati hutoka wenyewe polepole, kwa sababu bati hupanuka mchana na kusinyaa usiku, kila siku, kwa miaka. Utaukuta umeinuka nusu sentimita, raba yake imekauka. Wengi huupiga nyundo ukarudi kwenye tundu lake. Tundu hilo limeshalegea, na msumari uliorudishwa hauna mshiko. Utatoka kwa mpigo wa kwanza. Ung'oe, piga mpya hatua moja pembeni kwenye mgongo unaofuata wa bati, kisha ziba tundu la zamani kwa lami au kipande cha raba. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde, maana bonde ndiyo njia ya maji. Katikati ya paa inatosha kupiga mgongo mmoja, kuruka mmoja. Ukingoni, kwenye kona na kwenye kofia piga kila mgongo. Kilo moja ya misumari hufika mbali.

Lakini msumari unashika bati kwenye papi tu, zile mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake. Papi nayo imeshikwa kwenye kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, kwa msumari mmoja au miwili, na kenchi imelala juu ya ukuta, mara nyingine bila kufungwa na chochote. Baada ya kimbunga si ajabu kukuta paa zima limetua shambani na mabati yake yote yamo, misumari imeshika vizuri kabisa, ila papi zimeachana na kenchi. Fundi alipunguza waya.

Kama nyumba haina dari, hili linarekebishika ndani ya siku moja bila hata kupanda juu. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje mara mbili, uzungushe pale papi inapokatana na kenchi, kisha uusokote kwa koleo mpaka ukaze. Usisokote kupita kiasi. Waya ukianza kung'aa kwenye msokoto umekaribia kukatika. Nyumba yenye kenchi 8 na papi 12 ina makutano 96. Kila moja hula karibu mita moja ya waya, kwa hiyo kilo 2 za waya zinatosha na kubaki. Muda ukiwa mchache, anza na makutano ya pembeni mwa nyumba pande zote nne, halafu yale ya juu kabisa. Ya katikati yanaweza kusubiri. Kenchi ifungwe kwenye ukuta kwa nondo iliyoachwa na mjenzi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kama aliiacha. Kama hakuiacha, toboa ukuta chini ya linta, pitisha waya mnene, urudi juu ya kenchi. Tofali la juu peke yake si nanga, linanyanyuka nalo.

Viroba vya mchanga juu ya paa ni jambo zuri likifanywa kwa kiasi na kwa kuelewa. Viroba 10 vya kilo 25 ni kilo 250, ambazo mbele ya tani 4 si kitu. Kazi yake ni kuzuia ukingo wa bati usianze kutetemeka, basi. Vifungwe viwili viwili kwa kamba, kimoja kila upande wa kofia, vikae kwenye mstari wa papi. Visijazwe sana, kiroba kilichojaa kinabiringika, cha nusu kinalala. Mawe na matairi yaliyozoeleka juu ya mapaa yetu yashushwe yote. Jiwe la kilo 5 likiteleza kutoka kwenye bati lililoinuka linaangukia mtu.

Paa la makuti lina hekima yake. Linapitisha upepo, na likivunjika haliui. Litupie wavu wa zamani wa kuvulia juu yake, ufunge pembe zake kwenye nguzo, na mengi ya makuti utayakuta asubuhi.

Dirisha moja

Kuna ushauri unaozunguka kila msimu kwamba ufungue dirisha la upande wa pili ili nyumba "ipumue" isipasuke. Si kweli, na umegharimu mapaa mengi. Upepo ukiingia ndani hausubiri kutoka. Unajaza nyumba na kusukuma paa kutoka chini, huku upepo wa juu ukilivuta. Nguvu ya kulinyanyua inaweza kuongezeka karibu mara mbili kwa ajili ya dirisha moja tu la upande wa upepo lililovunjika. Funga yote, pande zote, kwa sababu upepo utageuka.

Madirisha yetu mengi yana nondo, na nondo ni rafiki. Kata plaiwudi ya milimita 12 izidi fremu kidogo kila upande, iweke nje, toboa matundu na uifunge kwenye nondo kwa waya kutokea ndani. Hakuna plaiwudi? Mlango wa zamani, mbao za kitanda, hata bati lililofungwa vizuri. Utepe wa gundi unaobandikwa kwa umbo la msalaba kwenye kioo haukiimarishi kioo hata kidogo; unapunguza tu vipande vinavyoruka. Madirisha ya vioo vya luva ni mabaya kuliko yote, kwa sababu hata yakifungwa yanavuja upepo na maji. Hayo yapewe plaiwudi kwanza.

Mlango unaofunguka kwa ndani utasukumwa na upepo mpaka komeo ling'oke. Uegemezee kabati au gogo lililokanyagia ukuta wa pili, na hakikisha bado kuna mlango mwingine wa kutokea.

Vitu vya uwanjani

Simtanki tupu la lita 1,000 mtoto anaweza kulibiringisha, na upepo utalipeleka kwa jirani. Likijaa lina uzito wa tani moja na haliendi popote. Lijaze mapema kabla umeme wa pampu haujakatika. Dishi la televisheni, kama lina skrubu 2 tu ukutani, lishushwe. Paneli ya sola nayo ishushwe, ikiwezekana asubuhi mapema au ikiwa imefunikwa kwa nguo, kwa sababu kwenye jua nyaya zake zina umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Minazi mingi hunusurika kwa kuwa hupinda. Hatari yake ni nazi. Muite mkwezi aangue zote zilizo juu ya nyumba na njia. Mwembe na mkorosho, kwenye ardhi iliyoshiba maji, huanguka mzima na mizizi yake. Matawi yaliyoelekea nyumba yakatwe na yaondolewe uwanjani siku hiyohiyo. Tawi lililokatwa na kuachwa chini ndilo la kwanza kuruka. Mti ulio karibu na nyaya za umeme usiuguse, toa taarifa tu.

Mbuzi na kuku: kamba ndiyo inayoua. Mbuzi aliyefungwa bondeni huzama, aliyefunguliwa hupanda juu mwenyewe. Walete kwenye banda lililoinuka au waache huru.

Ndani: maji, moto, chakula

Weka hesabu ya siku 5, si 3. Sababu itakuja mbele. Mtu anahitaji kama lita 15 kwa siku kwa mambo yote, kati ya hizo lita 3 za kunywa. Familia ya watu 6 kwa siku 5 ni lita 450, yaani madumu 23 ya lita 20. Madumu 5 kati ya hayo yawe ya kunywa tu, yachemshwe kabla au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, yafungwe na yawekwe mbali na mengine ili mtu asichote la kuogea kwa makosa gizani. Kisima kifunikwe kwa turubai na kukandamizwa kwa udongo pembeni. Baada ya mafuriko maji ya vyoo huingia visimani, na kipindupindu hakichelewi.

Chakula kisitegemee moto. Maharage ni mazuri ila hula mkaa mwingi. Wali wa nazi, kitu cha kwanza ambacho watu hupika kwa wingi siku ya kungoja, huchacha kabla ya siku kuisha kwenye joto lile. Maandazi, chapati, samaki wa kukaushwa, karanga, tende, maziwa ya unga na sukari vitakaa. Kwa mtoto mchanga anayenyonya kinachotakiwa ni mama kula na kunywa vya kutosha.

Jambo moja la moto lirudiwe kwa kila mtu mzima wa nyumba. Jiko la mkaa haliingizwi ndani ya nyumba iliyofungwa. Madirisha yakishazibwa kwa plaiwudi, moshi usioonekana wa mkaa hujaa chumbani bila harufu, watu wakasinzia na wasiamke. Jenereta vivyo hivyo, hata ikiwa kwenye korido. Pika kabla, au pika barazani upepo ukiruhusu, kisha zima. Mtungi wa gesi ufungwe valvu. Koroboi kwenye nyumba yenye upepo wa kupenyeza ni moto unaosubiri. Nunua tochi na betri za ziada.

Umeme wa LUKU nunua mapema, maana mtandao ukianguka huwezi kununua. Simu na pawabenki vijazwe chaji. Redio ndogo ya betri ina thamani kuliko simu tatu, kwa kuwa minara huanguka au huishiwa mafuta ya jenereta. Upepo ukikaza, zima swichi kuu. Umeme ukirudi kwa kishindo katikati ya paa linalovuja, huo ndio unaounguza nyumba.

Dawa za presha, za sukari, ARV na za pumu ziwe za wiki mbili. Vyeti, vitambulisho vya NIDA na hati za mashamba viingie mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na vipigwe picha. Mjamzito aliyefikia mwezi wa tisa ahamie karibu na kituo cha afya mapema. Usiku wa kimbunga hakuna bodaboda, na kwa Mafia hakuna kivuko: usafiri wa Nyamisati na Kilindoni husimama kabla ya upepo, na bidhaa madukani huisha kabla ya usafiri kurudi.

Maji ya bahari

Upepo wa kimbunga husukuma bahari nchi kavu, na mgandamizo mdogo wa hewa huinua maji kwa karibu sentimita moja kwa kila milibari inayopungua. Kwetu, hata hivyo, la kuuliza kwanza ni mwezi una siku ngapi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii hufika mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, ambayo ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kimbunga kikifika maji mafu, yaani siku za robo mwezi ambapo bahari haijai sana, bahari ina nafasi ya kupanda kabla haijagusa nyumba. Kikifika bamvua ya kujaa, haina.

Hidaya ilitua tukiwa kama 24 au 25 Mfunguo Mosi. Mwezi ulikuwa umepita robo ya mwisho tarehe 1 Mei, kwa hiyo maji yalikuwa mafu. Siku chache baada ya Hidaya, tarehe 8, mwezi ungeandama. Kimbunga kilekile, kingechelewa kwa siku hizo chache, kingekuta bahari nyingine. Kwa hiyo anayesema "Hidaya ilipita na maji hayakufika hapa" hajapata kipimo cha nyumba yake.

Ngalawa na mashua zivutwe juu ya mstari wa bamvua, si juu ya maji ya siku hiyo. Mashine ya boti ivuliwe, tanga na mlingoti zishushwe. Chombo kidogo kinaweza kujazwa maji nusu pale nchi kavu, kisipeperuke. Kukitia nanga baharini na kulala ndani ili kukilinda ni kuongeza maiti moja kwenye chombo kilichovunjika.

Usiku wenyewe

Nyumba ya miti na udongo haikaliwi. Hata paa likibaki, ukuta ukilowa unayeyuka na kuangukia waliolala chini yake, mara nyingi saa kadhaa baada ya upepo kupungua. Mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa atakuwa na jengo lililotengwa, mara nyingi shule. Nendeni mchana. Wazee wanaokataa kuondoka mara nyingi wanaogopea vitu, si upepo. Kijana mmoja mwaminifu akikabidhiwa mbuzi na magunia, huwa wanakubali.

Kwenye nyumba ya tofali, chagueni chumba kidogo kilicho katikati, mbali na dirisha. Korido au choo cha ndani kina kuta nyingi zinazosaidiana. Viatu viwe miguuni, maana kutakuwa na misumari na vioo gizani. Paa likianza kuondoka utasikia kwanza mlio wa kugongagonga kwenye kona moja, wa haraka, kabla ya mpasuko. Huo ni wakati wa kuingia chini ya meza nzito au kujibana kwenye ukuta wa ndani na godoro juu, si wa kutoka kuangalia.

Upepo ukikatika ghafla na nyota zikaonekana, inawezekana mko ndani ya jicho. Vimbunga vinavyofika kwetu vimechoka na mara nyingi havina jicho safi, ila pale lilipo utulivu huchukua dakika chache au hata saa, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile. Mlango usifunguliwe.

Baada ya upepo

Usiku wa tarehe 4 Mei 2024 ilitangazwa kwamba Hidaya imepoteza nguvu Mafia, na watu wengi wakapumua. Mvua yake haikuwa imemaliza. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika wilayani Kilwa, maeneo ya Somanga, maji yakabeba tuta la barabara, na magari ya mizigo na abiria yakasimama kwa siku kadhaa pande zote mbili. Mtwara na Lindi zilikatiwa njia ya dukani na kimbunga ambacho tayari kilikuwa hakipo. Hizo ndizo siku 5 za maji na unga.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 200 kwenye paa lile la mita 80 ni lita 16,000, ambazo zote zinadondoka kuzunguka msingi wako. Chimba mtaro wa upana wa jembe kuzunguka nyumba kabla ya mvua, uelekee bondeni, na usafishe kalavati la barabarani pamoja na jirani. Vinginevyo maji ya bati lake yatakuja kwako na ya kwako kwa wa tatu.

Maji yanayokimbia yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima, na pikipiki hubebwa mapema zaidi. Daraja lililofunikwa na maji huenda halipo tena. Nyaya zilizoanguka zichukuliwe kuwa na umeme, hata kama mtaa mzima una giza. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114.

Kabla ya kuwasha swichi kuu, angalia kama soketi na taa zimelowa. Zilizolowa zikauke siku mbili tatu na fundi azione. Halafu panda tena juu ya bati, na koleo lako na mabaki ya ule waya, maana Mei 2024 Hidaya ilipoondoka, haikupita hata wiki tatu kabla ya kimbunga kingine, Ialy, kuwa baharini.